Gesi katika gari kuukuu: hesabu kwanza, mtungi baadaye

*Bei ya petroli imewasukuma madereva wengi kufunga mfumo wa gesi. Akiba ipo, lakini si kwa kila gari, na usalama wake umo mikononi mwa fundi.*

Ndani ya buti la teksi, pale palipokuwa na tairi la akiba, pamekaa mtungi wa chuma wenye umbo la tairi. Kutoka hapo bomba jembamba linapita chini ya gari hadi kwenye injini. Karibu na usukani kuna swichi ndogo yenye taa. Dereva huwasha gari kwa petroli, na injini ikipata joto, taa hubadilika. Kuanzia hapo gari linatumia gesi ileile inayochemsha chai jikoni.

Magari ya aina hii yameanza kuzoeleka Nairobi, hasa miongoni mwa madereva wa teksi wanaoshinda barabarani tangu alfajiri hadi usiku. Kilichowasukuma ni bei. Oktoba 2023, lita ya petroli jijini ilifika Sh217.36, kiwango ambacho hakikuwahi kutangazwa kabla ya hapo na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini Kenya.

Miezi mitatu kabla yake, Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imepandisha kodi ya VAT kwa petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Sheria hiyohiyo iliiondolea VAT gesi ya mitungi, ambayo wengi huiita LPG. Petroli ikazidi kupaa huku gesi ikipunguziwa mzigo, na waliokuwa na magari ya zamani wakaanza kupiga hesabu.

Swali la dereva ni la kawaida: je, kulifungia gesi gari lililokwisha kutembea miaka 10 au 15 kunaokoa pesa kweli? Jibu linategemea kilomita za gari hilo kwa siku, afya ya injini yake na ustadi wa fundi aliyelishika.

Teknolojia ya zamani

LPG ni mchanganyiko wa propani na butani. Hupatikana katika usafishaji wa mafuta ghafi na katika visima vya gesi asilia. Ikiachwa wazi huwa hewa, lakini ikitiwa shinikizo la wastani hugeuka kimiminika. Ndiyo maana nishati nyingi huingia katika mtungi mdogo.

Kuitumia gesi hii katika magari hakukuanza jana. Uturuki ina zaidi ya magari milioni 4 yanayoitumia, na Poland zaidi ya milioni 3. Italia na Korea Kusini zimekuwa nayo kwa miongo mingi. Hong Kong ilianza kuziondoa teksi zake za dizeli mwishoni mwa miaka ya 1990, na miaka michache baadaye karibu zote zilikuwa zikitumia LPG.

Japani, nchi yanakotoka magari mengi ya mitumba ya Afrika Mashariki, imeendesha teksi zake kwa gesi hiyo kwa muda mrefu. Toyota Crown Comfort, gari lililotawala biashara ya teksi nchini humo, liliundwa kiwandani likiwa na mfumo wa LPG.

Tanzania imeshika njia nyingine. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba kubwa linaileta kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo teksi na bajaji za Dar hufungiwa CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa. Kenya haina kisima cha namna hiyo. Sehemu kubwa ya LPG yake huagizwa kutoka ng'ambo na kushushwa Mombasa.

Gesi hizi mbili zisichanganywe. CNG ni metani, hukaa kwenye mtungi mnene wenye shinikizo la baa 200 hivi na huuzwa kwa kilo. LPG hukaa kwenye shinikizo la chini ya baa 10 katika siku ya joto la kawaida, na kituoni huuzwa kwa lita. Mtungi wa moja haufai kwa nyingine.

Gesi inavyofika kwenye injini

Gesi hutoka mtungini ikiwa kimiminika na kuingia katika kifaa kiitwacho kivukizi. Kimiminika kinapogeuka hewa hunyonya joto jingi, na kivukizi kingeganda barafu kama hakingepashwa moto. Joto hilo hutoka kwenye maji ya rejeta, ambayo hupitishwa ndani yake. Ndiyo sababu gari huwashwa kwa petroli kwanza, likasubiri maji yapate joto.

Baada ya kivukizi, njia hugawanyika kulingana na umri wa gari. Magari ya kabureta hutumia kichanganyio, kipande kinachofungwa mahali hewa inapoingilia na kuiacha injini ivute gesi yenyewe. Ni mfumo rahisi na wa bei nafuu, lakini hauna kipimo sahihi.

Magari yanayopuliza petroli kwa nozeli hufungiwa nozeli za gesi, moja kwa kila silinda, pamoja na kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo husoma amri ambazo kompyuta ya gari ingezipa nozeli za petroli, kisha huzigeuza kuwa kipimo cha gesi. Mfumo huu ni ghali zaidi, lakini hupoteza nguvu kidogo sana na hautupi gesi ovyo.

Lita zaidi, shilingi pungufu

Wanaouza mifumo hii husema kwamba gesi "inapunguza matumizi". Kauli hiyo inapotosha. Lita moja ya LPG ina nishati pungufu kuliko lita ya petroli, kwa sababu gesi hiyo ni nyepesi: lita yake ina uzito wa nusu kilo na ushei, ilhali ya petroli inakaribia robo tatu ya kilo. Kwa safari ileile, gari hutumia lita za gesi nyingi zaidi kwa asilimia 20 hadi 30.

> Akiba ya gesi imo katika bei ya lita. Idadi ya lita huongezeka.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza inapopatikana. Gari likitumia gesi zaidi kwa asilimia 25, bei ya lita ya LPG sharti iwe chini ya asilimia 80 ya bei ya petroli. Petroli ikiwa Sh180, gesi ya Sh144 haiokoi hata senti moja.

Uchukuliwe mfano wa petroli ya Sh180, gesi ya Sh110 na ufungaji wa mfumo kwa Sh70,000. Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, na kutumia lita 8 kwa kila kilomita 100, huhitaji lita 12 za petroli. Gharama yake ni Sh2,160.

Ikifungiwa gesi, teksi hiyo bado itatumia karibu nusu lita ya petroli katika kuwasha na kupasha injini. Lita 11.5 zilizobaki hugeuka lita 14.4 za gesi. Jumla ni Sh1,671 hivi, na akiba ni Sh489 kwa siku. Gharama ya kufunga hurudi baada ya siku 143 za kazi, yaani chini ya miezi sita.

Sasa liangaliwe gari la aina hiyohiyo la mtu anayekwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku. Huhitaji lita 1.6 za petroli, sawa na Sh288. Safari zake ni fupi na injini hupoa kati ya asubuhi na jioni, hivyo sehemu isiyo ndogo ya mwendo huisha kabla gari halijahamia kwenye gesi. Likichoma lita 0.3 za petroli kila siku wakati wa kupata joto, akiba hushuka hadi Sh55. Sh70,000 hizo zitarudi baada ya miaka mitatu na nusu, hata kama gari litatembea kila siku ya mwaka.

Magari hayo mawili yanafanana kwa injini na kwa fundi. Kilichotofautisha faida zao ni kilomita.

Gari linalokula mafuta litakula gesi

Wengi hukimbilia gesi kwa sababu gari lao "linakula mafuta". Mara nyingi ulaji huo ni ugonjwa unaotibika kwa fedha kidogo, na usipotibiwa huhamia kwenye gesi.

Tairi zenye upepo mdogo huifanya injini isukume mzigo usiokuwapo. Breki zinazoshika gurudumu huchoma mafuta njia nzima. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizokwisha na sensa ya oksijeni iliyokufa huharibu kipimo cha mafuta. Hata injini inayonguruma bila kwenda popote katika foleni ya Mombasa Road jijini Nairobi huteketeza kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa.

Kosa kubwa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki ni kung'oa themostati. Gari likichemsha, fundi hukitoa kifaa hicho kwa imani kwamba nchi za joto hazikihitaji. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ifike joto lake la kazi. Isipokuwapo, injini huchelewa kupata joto, na kompyuta huendelea kumimina mafuta ya ziada ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa.

Kwa gari la gesi, kosa hilo lina madhara mara mbili. Kivukizi hutegemea maji hayohayo ya moto. Yakiwa vuguvugu, gari huchelewa kuhamia kwenye gesi, na likihama huenda kivukizi kikaganda. Tabia ya kujaza rejeta maji ya bomba badala ya kipozeo nayo huleta kutu, na kutu huziba njia nyembamba za kivukizi.

> Themostati iliyong'olewa hula petroli na huzuia gesi.

Maradhi ya injini kuukuu

LPG ina sifa nzuri kwa injini. Namba yake ya okteni hupita 100, hivyo injini haigongi hata ikivuta mzigo mzito mlimani. Huingia ikiwa hewa kavu, haioshi mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda, na huacha masizi machache. Oili hukaa safi kwa muda mrefu zaidi.

Ukavu huo una gharama yake. Vali za kutolea moshi hupiga vitako vyake maelfu ya mara kwa dakika. Katika baadhi ya injini, zikiwamo nyingi za Kijapani, vitako vimetengenezwa kwa chuma laini. Gari likitumia gesi muda mrefu, hasa kwa mwendo wa kasi, vitako huliwa taratibu na vali huzama. Nafasi ya vali huisha, mgandamizo huvuja, na mwisho kichwa cha injini hufunguliwa.

Dawa ni kukagua nafasi za vali kila baada ya muda, na kuhakikisha gesi haiingii pungufu ya kipimo, kwa sababu mchanganyiko wenye gesi chache huongeza joto la vali. Magari ambayo vali zake hazijirekebishi zenyewe yanahitaji uangalizi zaidi.

Umeme wa kuwashia nao lazima uwe imara. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Plagi kuukuu, koili dhaifu na waya zilizopasuka, ambazo kwa petroli dereva hakuzihisi, kwa gesi hufanya injini ikose kuwaka vizuri. Kwenye mfumo wa kichanganyio, cheche ikichelewa inaweza kuwasha gesi iliyojaa kwenye njia ya hewa na kupasua sanduku la chujio.

Fundi mwaminifu hupima mgandamizo wa silinda kabla ya kutoa bei. Injini inayokula oili na kutoa moshi wa buluu inahitaji kufanyiwa ovahoo, na mtungi wa gesi hauwezi kuifufua.

Usalama hauna njia ya mkato

Mnamo Januari 31, 1999, mjini Vénissieux, Ufaransa, gari la LPG lililochomwa moto lililipuka na kuwajeruhi wazimamoto. Mtungi wake haukuwa na vali ya kupunguza shinikizo. Ajali hiyo iliifanya Ufaransa kulazimisha vali hiyo, na leo kanuni ya kimataifa ya vifaa vya LPG vya magari, ijulikanayo kama R67, huihesabu miongoni mwa vitu vya lazima.

Mtungi halali wa gari una ulinzi wa aina kadhaa. Kuna kizuizi kinachokata ujazo ukifika asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua likipiga. Kuna vali inayofunga injini inapozimika, nyingine inayofunga bomba likikatika ghafla, na ile ya kutoa shinikizo wakati wa moto. Mtungi hufungwa kwenye bodi kwa bolti zinazoweza kuhimili mgongano. Italia na Uturuki hulazimisha mtungi wa gari ubadilishwe baada ya miaka 10.

Mtungi wa jikoni hauna hata kimoja kati ya vizuizi hivyo vya ujazo na bomba. Umeundwa kusimama wima na kutoa gesi kidogo kidogo kwa jiko. Kuulaza kwenye buti na kuuunganisha kwa mpira ni kusafiri na hatari. Kumimina gesi kutoka mtungi wa kilo 13 hadi kwenye tangi la gari uani kwa mtu ni hatari ileile, nayo huwafikia hata majirani.

LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai angani kama metani. Hutambaa sakafuni, hujaa kwenye shimo la gereji, kwenye mtaro au kwenye maegesho ya chini ya jengo, na husubiri cheche. Harufu kali inayotiwa ndani yake ndiyo onyo la kwanza, na haipaswi kupuuzwa.

Nairobi inajua moto wa gesi unavyofanya. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, moto ukaruka hadi kwenye nyumba na maghala. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilieleza kuwa ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo. Mkasa huo haukutokana na magari yaliyofungiwa mfumo, lakini ulionyesha gharama ya kuishika gesi mahali pasipostahili.

> Gesi inayovuja haipai. Hutambaa sakafuni na kusubiri cheche.

Pande zinazovutana

Kwa dereva, hoja ni mkate wa leo. Teksi haiwezi kupandisha nauli kila petroli inapopanda, na shilingi 400 au 500 kwa siku ni karo ya mtoto. Kwake, kanuni nyingi huonekana kama ukuta kati yake na nafuu.

Kwa wasimamizi, hofu ni gereji zisizo na mafunzo na vituo visivyo na kibali. Kanuni za LPG za Kenya za mwaka 2019 hudai leseni kwa anayehifadhi, kujaza au kuuza gesi hiyo. Lakini leseni ya kituo pekee haitoshi kama aliyefunga mtungi kwenye gari hakukaguliwa na mtu.

Hazina ya serikali nayo ina maslahi. Kila lita ya petroli Kenya hubeba ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao Julai 2024 ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25. Gari la gesi hutumia barabara ileile bila kuchangia kiasi hicho. Tanzania ilikutana na swali hilohilo Juni 2024, pale bajeti ilipopendekeza tozo ya Sh382 za nchi hiyo kwa kila kilo ya CNG ya magari, na pendekezo likazua mjadala mkali.

Wanaojali mazingira wana sababu ya kuiunga mkono gesi, kwa kiasi. Kwa kilomita ileile, gari la LPG lililopimwa vizuri hutoa hewa ukaa pungufu kwa asilimia 10 hadi 15, na chembechembe chache zaidi za moshi. Hata hivyo LPG bado ni mafuta ya kisukuku. Ni nafuu ya muda kwa magari yaliyopo, wala haimalizi tatizo la moshi.

Na kuna jikoni. Kodi iliondolewa ili familia ziache kuni na mkaa. Magari yakinywa gesi nyingi kuliko uwezo wa kuiagiza, mama mwenye mtungi wa kilo 6 atalipia safari za wengine.

Funzo la Australia

Australia iliwahi kuwa nchi ya magari ya gesi. Kuanzia Agosti 2006, serikali iliwalipa wamiliki ruzuku ya dola 2,000 za huko kwa kila gari la petroli lililofungiwa LPG. Ford iliuza Falcon zenye gesi kutoka kiwandani, na teksi nyingi zilitegemea gesi hiyo.

Desemba 2011 ushuru ulianza kutozwa kwenye LPG ya magari, senti 2.5 kwa lita, ukapandishwa hatua kwa hatua hadi senti 12.5 Julai 2015. Mwaka uliofuata Ford ikaacha kuunda magari nchini humo. Wateja walipopungua, vituo vikang'oa pampu za gesi, na waliobaki na mitungi wakatafuta pa kujazia.

Pengo la bei kati ya petroli na gesi huwekwa na sera, na sera hubadilika. Mfumo unaorudisha gharama yake ndani ya miezi sita unaweza kuhimili mabadiliko hayo. Unaohitaji miaka mitatu na nusu ni bahati nasibu.

Kabla ya kutoa pesa

Mwenye gari kuukuu aanze na petroli aliyonayo. Apandishe upepo wa tairi, abadilishe chujio na plagi, arudishe themostati na kipozeo, kisha apime kwa wiki mbili lita anazotumia kwa kilomita 100. Huenda akiba aliyoitafuta ikapatikana hapo.

Kama bado anataka gesi, apime kilomita zake za siku, alinganishe bei za vituo vilivyo kwenye njia yake, na apimishe mgandamizo wa injini. Adai mtungi wenye alama ya R67 na tarehe ya kutengenezwa, mabomba yaliyofungwa mbali na moto wa ekzosi, na kipimo cha uvujaji mbele ya macho yake. Atunze cheti na risiti.

Serikali nazo zina deni. Zitoe mafunzo na vyeti kwa mafundi, zisajili kila gari lililobadilishwa, na ziweke ukaguzi wa mtungi katika ukaguzi wa gari. Gesi katika gari kuukuu ni nafuu ya kweli kwa anayetembea kilomita nyingi na injini nzima, akiwa amefungiwa na fundi aliyefunzwa. Anayekosa moja kati ya hayo matatu abaki na petroli yake hadi alipate.